Dakika kumi, magonjwa manne: daktari wa familia afanyeje?

Daktari kijana, aliye katika mwaka wake wa kwanza kazini baada ya kumaliza mafunzo ya udaktari wa familia, ameniandikia hivi:

"Shikamoo, Daktari. Nilifundishwa kwamba daktari wa familia humjua mgonjwa wake, nyumba anayotoka na mambo yanayomsumbua. Kazini nimekuta mengine. Kila mgonjwa nina dakika kumi, zikizidi foleni inanung'unika. Anakuja mama wa miaka 70 mwenye kisukari, presha, magoti yanayouma na usingizi uliomkataa, na kila ugonjwa una mwongozo wake. Kompyuta inataka kujazwa, simu za wagonjwa zinasubiri, na mwisho wa mwezi tunahesabiwa kama tumefikia malengo. Wenzangu wananiambia udaktari wa familia wa zamani umekwisha, heri nihamie ubingwa ambao mipaka yake inaeleweka. Ni kweli? Na nikibaki, nifanyeje kazi bila kuwaumiza wagonjwa wala kujimaliza mwenyewe?"

Marahaba, daktari mwenzangu. Wenzako wameona sawasawa kwamba kazi imebadilika. Hapo pa kusema imekwisha ndipo ninapoachana nao. Naomba uanze na hesabu moja. Mgonjwa unayemwona dakika kumi, mara nne kwa mwaka, kwa miaka kumi, umekaa naye saa 6 na dakika 40. Ni madaktari wachache sana wa ubingwa wowote wanaopata saa hizo na mtu mmoja. Ila wewe saa zako zimekatwakatwa vipande, na ukivifanya kila kipande kijitegemee, unabaki na dakika kumi kweli. Ukiviunganisha, una kitu ambacho hakuna kipimo wala mashine inayokileta. Nitakayoyasema yote yamesimama juu ya hilo: kila badiliko linaloletwa kliniki kwako, lipime kwa kuuliza kama linakuunganishia vipande hivyo au linazidi kuvitawanya.

Kwanza ujiondolee lawama. Huwezi kutekeleza kila mwongozo kwa kila mgonjwa, na wala si kwa sababu ya uzembe. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walipiga hesabu: daktari mmoja wa huduma ya msingi mwenye wagonjwa 2,500, akitaka kufuata miongozo yote ya kinga, ya magonjwa ya muda mrefu na ya magonjwa ya ghafla, pamoja na kuandika kumbukumbu, angehitaji saa 26.7 kwa siku. Siku yenyewe ina 24. Mapitio mengine ya mwaka 2017, yaliyokusanya takwimu za nchi 67, yalikuta wastani wa muda wa daktari na mgonjwa unaanzia sekunde 48 nchini Bangladesh hadi dakika 22.5 nchini Sweden, na katika nchi zenye karibu nusu ya watu wote duniani wastani ni dakika tano au chini yake. Kwa hiyo kuchagua ni lazima. Wanaosema hawachagui nao huchagua, ila huchaguliwa na foleni.

Sasa tumrudie mama wako wa miaka 70, maana ndiye mtihani halisi wa kazi yetu. Miongozo mingi imejengwa juu ya tafiti zilizowaacha nje watu kama yeye, wazee wenye magonjwa kadhaa kwa pamoja. Mwaka 2005 madaktari wa Marekani walimbuni mwanamke wa miaka 79 mwenye magonjwa matano ya kawaida, wakafuata mwongozo wa kila ugonjwa neno kwa neno. Aliishia na dawa 12 kila siku, pamoja na masharti ya chakula na mazoezi ambayo mengine yaligongana. Kila mwongozo ulikuwa sahihi peke yake. Mtu mzima aliyeubeba mzigo wote hakuwamo katika hesabu ya mwongozo wowote.

Nitamjazia mama huyo maelezo kwa ajili ya mfano. Tuseme miaka mitatu iliyopita alianzishiwa amlodipini kwa ajili ya presha. Miguu ikavimba, jambo la kawaida kwa dawa hiyo. Daktari wa pili, aliyemwona mara moja tu, akaona uvimbe akaandika furosemaidi, dawa ya kukojoa. Furosemaidi ikapandisha asidi ya uriki, jongo likaamka, kidole na goti vikawaka moto. Daktari wa tatu akaona goti akaandika diklofenaki, dawa ya maumivu. Diklofenaki hubakiza chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na kuyabana mafigo, na kwa mtu anayekunywa dawa ya kukojoa pamoja na dawa ya presha ya jamii ya enalaprili hatari hiyo kwa mafigo huongezeka. Presha ikapanda. Daktari wa nne akaongeza dawa ya presha. Wakati huohuo mama anameza furosemaidi jioni kwa sababu hakuna aliyemweleza aimeze asubuhi, basi anaamka kukojoa mara nne usiku, na sasa anakuambia usingizi umemkataa. Ukiwa daktari wa tano mwenye haraka, utamwandikia dawa ya usingizi, na miezi miwili baadaye ataanguka njiani kwenda chooni.

Hakuna daktari mjinga katika mnyororo huo. Kila mmoja alitibu alichokiona. Aliyekosekana ni mtu wa kuitandaza orodha yote ya dawa mezani na kuuliza ipi ilitangulia na nini kilifuata. Kwa huyu mama, ziara moja ya kupanga upya dawa inaweza kuwa na faida kuliko ziara nne za kuongeza. Mwambie aje na kila anachokimeza, cha hospitali, cha dukani na cha mitishamba, na umuulize jinsi anavyokimeza hasa, maana kilichoandikwa kwenye faili na kinachomezwa nyumbani mara nyingi ni vitu viwili. Kisha punguza dawa moja, ungoje, utazame, ndipo uguse nyingine. Ukibadilisha tatu siku moja, hutajua kilichomsaidia wala kilichomdhuru. Nyingine hazikatwi ghafla: dawa za moyo za jamii ya atenololi, steroidi zilizotumika kwa muda mrefu, na dawa za usingizi za jamii ya diazepamu hushushwa polepole. Na kwa mzee mnyonge usishindane na sukari. Akiwa anameza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, na wakati mwingine hali chakula, sukari inayoshuka usiku itamwua mapema kuliko sukari iliyo juu kidogo.

Utaniuliza haya yote yanafanyika saa ngapi. Hayafanyiki siku moja, na hapo ndipo vipande vya muda vinapoanza kuunganika. Ziara ya kwanza unasikiliza na kuchagua jambo moja. Unaandika kwenye faili mpango wa ziara tatu zijazo, sentensi moja kwa kila ziara: leo furosemaidi na usingizi, mwezi ujao goti na diklofenaki, baada ya hapo macho na miguu kwa ajili ya kisukari. Unamweleza mgonjwa kwa nini mengine yanangoja. Mgonjwa anayejua kwamba goti lake lina tarehe, halilazimishi kuingia katika dakika ya tisa akiwa ameshika kitasa cha mlango.

Kusikiliza kwenyewe ni kufupi kuliko tunavyohofia. Utafiti maarufu wa mwaka 1984 nchini Marekani ulikuta madaktari wanamkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tangu aanze kueleza kilichomleta. Sababu tunayojipa ni kwamba tukimwacha hatamaliza. Mwaka 2002 madaktari wa kliniki moja nchini Uswisi waliamua kunyamaza na kupima. Wastani wa muda wa mgonjwa kuzungumza hadi aishie mwenyewe ulikuwa sekunde 92, na karibu wanne kati ya kila watano walimaliza ndani ya dakika mbili. Walikuwapo waliozidi dakika tano, wachache sana, na madaktari wao walikiri kwamba yaliyosemwa yalistahili kusikilizwa. Baada ya hapo uliza kama lipo jambo jingine alilotaka mlizungumze leo, kabla hujagusa la kwanza. Swali hilo likiulizwa mapema huokoa muda. Likiachwa hadi mwisho hufungua ziara mpya.

Kuna jambo hospitali kubwa haikukufundisha vizuri, kwa sababu lenyewe halionekani kutoka huko. Mwaka 1961 Kerr White, mtafiti wa huduma za afya, na wenzake walionyesha kwamba kati ya watu wazima 1,000 katika mwezi mmoja, 750 hupata ugonjwa au jeraha fulani, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na mmoja tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Sisi tulifunzwa udaktari tukimtazama yule mmoja. Kichwa kinachouma kwenye wodi ya mishipa ya fahamu na kichwa kinachouma kliniki kwako havina uzito sawa. Kwako, ugonjwa mbaya ni nadra, umefichika katikati ya mengi yatakayopona yenyewe, tena unaupata ukiwa mchanga kabla haujajionyesha. Ukimpima kila mtu kila kitu, utapata majibu mengi yenye kasoro zisizo na maana, na kila kasoro itadai kipimo kingine. Marc Jamoulle, daktari wa familia wa Ubelgiji, alianza tangu miaka ya 1980 kuhimiza kinga ya aina hii: kumkinga mtu na madhara ya udaktari wenyewe pale anapojisikia mgonjwa na sisi hatumwoni na ugonjwa. Mimi nahesabu kazi hiyo kuwa sawa na chanjo.

Kwa hiyo kuvumilia kutokujua ni ujuzi, na una utaratibu wake. Unapomruhusu mgonjwa arudi nyumbani bila jina la ugonjwa, mwambie unachofikiri, mwambie unatarajia nini na kwa siku ngapi, mtajie dalili zitakazokufanya ubadilishe mawazo, na mwambie aende wapi zikitokea hata kama ni usiku. Kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Kikohozi ni mfano mzuri. Mapitio ya tafiti yalionyesha kwamba kikohozi cha mafua ya kawaida hukaa karibu siku 18, wakati watu hutarajia kiishe kwa siku saba hadi tisa. Siku ya kumi mgonjwa anarudi akiwa ameamini tiba imeshindwa, na anapewa antibiotiki ambayo haina kazi ya kufanya. Aliyeambiwa mapema kwamba wiki mbili hadi tatu ni kawaida, na kwamba damu, kupungua uzito, jasho la usiku au kukosa pumzi si kawaida, hana sababu ya kurudi siku ya kumi, ila ana sababu ya kuwahi ikihitajika.

Na usizidharau hisia zako. Nchini Ubelgiji ulifanyika utafiti wa watoto waliopelekwa kwa madaktari wa huduma ya msingi, ukachapishwa mwaka 2012. Kati ya watoto zaidi ya 3,000 ambao uchunguzi ulionyesha hawana tatizo kubwa, sita walikuja kulazwa kwa maambukizi makali. Pale daktari alipohisi kuna kitu hakiko sawa ingawa hakuna dalili ya kuonyesha kwa kidole, uwezekano wa maambukizi hayo ulipanda sana, na mojawapo ya mambo yaliyozigusa sana hisia hizo lilikuwa wasiwasi wa mzazi kwamba ugonjwa wa safari hii si kama wa siku zote. Mama akikwambia mtoto wake hajawahi kuwa hivi, hiyo ni data. Hisia hizo hukua kwa daktari aliyekwisha kumwona mtoto yuleyule akiwa mzima.

Hapo nafika kwenye ushahidi wa vipande vya muda. Mwaka 2018 mapitio ya tafiti 22 kutoka nchi mbalimbali yalikuta kwamba katika 18 kati ya hizo, wagonjwa waliokuwa wakirudi kwa daktari yuleyule walikufa kwa kiwango kidogo zaidi. Norwei, ambako karibu kila mtu ameandikishwa kwa daktari wake wa familia, kumbukumbu za watu takriban milioni 4.5 zilichambuliwa na kuchapishwa mwaka 2022. Waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15, wakilinganishwa na waliokaa naye mwaka mmoja, walikuwa na uwezekano mdogo wa kuhitaji huduma nje ya saa za kazi kwa asilimia 30, wa kulazwa ghafla kwa asilimia 28, na wa kufa kwa asilimia 25. Hizi ni tafiti za kutazama tu, na anayehamahama madaktari huenda anatofautiana na anayetulia kwa sababu nyingine pia. Hata hivyo faida ilipanda ngazi kwa ngazi kadiri miaka ilivyoongezeka, na ilianza kuonekana tangu mwaka wa pili na wa tatu. Dawa mpya ingeleta matokeo kama hayo, kila wizara ingeigombania.

Kwa bahati mbaya hiki ndicho kitu cha kwanza kinachotupwa kliniki inapojipanga upya kwa ajili ya kasi. Mgonjwa anapewa daktari yeyote aliye huru, na kwenye karatasi foleni inaonekana imepungua. Uingereza ilipoanza mwaka 2004 kuwalipa madaktari wa familia kwa kufikia malengo ya vipimo na takwimu, baadhi ya viwango vya matibabu vilipanda, lakini watafiti walikuta pia kwamba nafasi ya mgonjwa kumwona daktari wake ilishuka mara moja na ikabaki chini. Scotland iliuacha mfumo huo mwaka 2016. Malengo yako ya mwisho wa mwezi huwezi kuyafuta, na mengine yana maana: presha ya mgonjwa wa kisukari ikipimwa na kushushwa, kiharusi kinapungua. Nakuomba tu usimruhusu mgonjwa aondoke bila kusikilizwa kwa sababu kisanduku kilikuwa hakijajazwa. Na kama una sauti katika vikao vya kliniki, pendekeza kipimo kimoja kiongezwe: ni wagonjwa wangapi wa magonjwa ya muda mrefu walioonana na mtu yuleyule katika ziara zao tatu za mwisho. Kinachohesabiwa hulindwa.

Nimesema "mtu yuleyule" kwa makusudi, maana si lazima awe daktari kila mara. Hesabu ileile ya saa 26.7 ilishuka hadi 9.3 watafiti walipogawanya kazi kwa timu. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta kwamba wauguzi waliofunzwa, wakichukua sehemu ya kazi ya madaktari wa huduma ya msingi, hupata matokeo yanayolingana na ya madaktari au bora kidogo. Katika vijiji vya Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, wahudumu wa afya ya jamii walitembelea majumba, wakapima presha, wakafundisha na kuwaelekeza watu kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha namba ya juu ya presha ilishuka kwa takriban milimita 5 za zebaki zaidi ya huduma ya kawaida. Brazil ilianza mwaka 1994 kuipa kila timu ya daktari, muuguzi na wahudumu wa jamii familia zake kwa eneo, na mpango huo ungali mhimili wa huduma zao za msingi.

Angalia lakini jinsi unavyogawa. Gawa kazi inayojirudia na yenye utaratibu: kupima presha, kukagua miguu ya mwenye kisukari, kufundisha kutumia pampu ya pumu, kupitia dawa pamoja na mfamasia. Usigawe lalamiko jipya lisilo na umbo, la mtu anayesema tu kwamba hajisikii vizuri. Hilo ndilo lako, na ndilo gumu kuliko yote. Tena timu isiyo na mtu mmoja anayewajibika kwa mgonjwa humrusha kutoka mkono hadi mkono. Andika juu ya kila faili jina la anayemshika mgonjwa huyo. Muuguzi akikutana na jambo, amjue wa kumwambia.

Kuhusu simu, ziogope kidogo na uzitumie sana. Mwaka 2014 jaribio kubwa lililofanyika katika kliniki 42 za Uingereza liliangalia kinachotokea mgonjwa anayetaka kuonwa siku hiyohiyo anapopigiwa kwanza simu. Kazi haikupungua. Idadi ya mawasiliano kwa kila mgonjwa katika siku 28 ilipanda kwa asilimia 33 simu ilipopigwa na daktari, na 48 ilipopigwa na muuguzi. Kilichotokea ni kazi kuhamishwa na kugawanywa. Simu inafaa kwa mtu unayemjua: majibu ya vipimo, presha iliyopimwa nyumbani, kuuliza kama miguu imeacha kuvimba baada ya kubadilisha dawa. Haifai kwa tumbo linalouma upya, kifua, mtoto mwenye homa, wala mtu mwenye huzuni ambaye hujawahi kumwona uso. Na kabla ya lolote uliza kama yuko mahali anapoweza kuzungumza kwa uhuru, maana mtu anayemtesa nyumbani anaweza kuwa amekaa karibu naye.

Kompyuta imekula muda wa madaktari bila kificho. Utafiti wa mwaka 2017 uliofuatilia madaktari wa familia 142 nchini Marekani uliona kwamba katika siku ya kazi ya saa 11.4, saa 5.9 ziliishia kwenye mfumo wa kumbukumbu, nyingine zikiwa za usiku nyumbani. Siku hizi zipo programu zinazosikiliza mazungumzo na kuandika muhtasari zenyewe. Zinaweza kukurudishia macho kwa mgonjwa, nami naunga mkono zijaribiwe, kwa masharti mawili: mgonjwa aombwe ridhaa kwanza, na wewe usome kila mstari kabla ya kuidhinisha, kwa sababu programu hizi huweza kuandika jambo ambalo halikusemwa, kwa lugha safi isiyotia shaka. Nje ya hapo, andika kidogo kilicho na maana. Kumbukumbu bora kwa atakayemwona mgonjwa baada yako ni mistari mitatu: ninachofikiri, ninachokihofia, ninachokusudia kufanya ziara ijayo. Ukurasa mzima wa dalili zilizonakiliwa kutoka ziara iliyopita unamficha mgonjwa.

Umeuliza pia jinsi ya kutojimaliza. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa ulioidhinishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu huu wa kujimaliza kazini kuwa unatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Umeuona ulipowekwa: kazini. Anayekupa mafunzo ya kupumua huku akikuongezea wagonjwa kumi kwa siku hajakusaidia. Daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri hupatikana kwa uchache zaidi pale inapohitajika zaidi. Miongo minne baadaye kumbukumbu za watu milioni 1.75 wa Scotland zilionyesha kwamba katika maeneo maskini kabisa watu huanza kuwa na magonjwa mengi kwa pamoja miaka 10 hadi 15 mapema kuliko kwenye maeneo tajiri. Kama kliniki yako inahudumia watu wa namna hiyo, dakika kumi kwa kila mtu hazina usawa wowote. Dai nafasi za dakika 20 kwa wagonjwa wenye magonjwa matatu au zaidi, hata kama ni nafasi mbili tu kwa siku. Nenda na mfano wa mama yule na orodha ya dawa zake, uongozi uone gharama ya haraka.

Tafuta pia wenzako watano au sita, mkutane mara kwa mara kuzungumzia wagonjwa wanaowalemea moyo. Michael Balint, daktari na mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi, alianza vikundi vya namna hiyo na madaktari wa familia mjini London katika miaka ya 1950, na hadi leo vinaendelea katika nchi nyingi. Havitafuti jina la ugonjwa. Vinatafuta kwa nini mgonjwa fulani anakukasirisha, au kwa nini unamwota mwingine usiku. Mtu anayesikiliza huzuni za watu siku nzima anahitaji mahali pa kuzitua, na nyumbani kwako si mahali pake.

Sasa lile la kuhama. Ukitaka ubingwa mwingine kwa sababu unaupenda, nenda na baraka zangu. Ukitaka kuhama kwa sababu ya mwaka huu, nakusihi usubiri, kwa kuwa mwaka wa kwanza ndio pekee ambao daktari wa familia hufanya kazi bila chombo chake kikuu. Wagonjwa wote ni wageni kwako na wewe ni mgeni kwao. Chagua wagonjwa 20 wenye hali ngumu, huyo mama akiwa wa kwanza, uwape tarehe za kurudi kwako wewe, na uhakikishe wa mapokezi wanajua hivyo. Mwaka ujao tazama faili zao. Ukikuta kwamba wengi hukuwaona mara nne, kwa sababu mpangilio wa kituo hauruhusu kabisa na uongozi umekataa kuubadilisha, basi tafuta kituo kingine kabla hujatafuta taaluma nyingine.